CPL mkononi na Wilson hakuna kazi: tatizo ni bima, soko au kujuana?

#1 Mwewe wa Lang'ata

Wakuu, habari za jioni.

Nina CPL, yaani leseni ya urubani wa biashara, pamoja na idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo bila kutegemea kuona nje, na ya ndege za injini mbili. Masaa yangu yamevuka 200 kidogo. Mzee alichukua mkopo wa sacco, mama akatia pesa za chama, na mimi nilikuwa nabeba mizigo usiku kwenye ghala huko Embakasi ili nilipie masaa ya Jumamosi. Tulivuka shilingi milioni tatu kabla hata sijafanya mtihani wa mwisho.

Sasa kila wiki niko Uwanja wa Ndege wa Wilson hapa Nairobi, mlango hadi mlango. Jibu ni moja: rudi ukiwa na masaa 500, na sehemu yake iwe ya ndege ya tabaini, yaani yenye injini ya jamii ya jeti, si ya pistoni kama za shule. Nitayatoa wapi kama hakuna anayenipa kiti? Na huku tunasikia makapteni wanafunga virago kwenda Ghuba, makampuni yanalalamika yamebaki bila watu.

Msimamo wangu ni huu: makampuni ya hapa yamekataa kulea. Yanataka rubani aliyeiva, pa kuivia hayatoi. Nibishieni.

#2 Mama Wairimu wa South C

Naketi hapa nisome. Binti yangu yuko kidato cha nne na hataki kusikia kazi nyingine ila urubani. Tafadhali msifiche kitu.

#3 Fundi wa Hanga

Pole kijana, lakini unawalaumu wasiohusika. Anayekukatalia si mkuu wa marubani, ni bima. Cessna Caravan mpya, ndege ndogo ya injini moja ya tabaini, inazidi dola milioni mbili. Aliyeikatia bima anaandika kwenye mkataba ni nani anaruhusiwa kuirusha: masaa jumla kadhaa, ya tabaini kadhaa, ya kuwa kapteni kadhaa. Kampuni ikikuweka wewe kabla hujafika hapo, halafu gurudumu la mbele likaingia shimo la ngiri kule Maasai Mara, hakuna atakayelipa. Nimeshika spana Wilson miaka mingi. Nimeona mkuu wa marubani akimpenda kijana kabisa, akampigania, na barua ya bima ikarudi na neno moja: hapana.

Halafu kuna wateja wa mashirika ya misaada na wa kampuni za mafuta. Hao wana masharti juu ya masharti. Wanaleta wakaguzi wao wenyewe wanaopekua daftari la masaa la kila rubani.

#4 Zebaki_254

Fundi, kwako kila ugonjwa ni bima. Basi nieleze: kwa nini kuna mtu tuliyemaliza naye darasa moja yuko kwenye Caravan leo na hajafika hata masaa 300? Bima ilimwonea haya? Hapa ni kujuana tu. Ukiwa na mjomba anayekunywa chai na wakubwa, unaingia. Usipokuwa naye utazunguka na bahasha hadi cheti chako cha daktari kiishe muda.

#5 Kiti cha Kulia

@Zebaki_254 huyo mwenzako anakaa kulia, kiti cha rubani msaidizi, si kapteni. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Wa pili anawekwa kwa sababu mteja anataka wawili, au kampuni yenyewe imeamua hivyo. Bima inamkazia macho wa kushoto, yaani kapteni.

Lakini ninyi mnaolilia kiti hicho nisikilizeni, maana nimekikalia misimu mizima. Masaa yake hayahesabiwi kama mnavyodhani. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema ukiwa rubani msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, na nchi ndiyo inayotaka wawe wawili, unahesabiwa si zaidi ya nusu ya masaa hayo kuelekea leseni ya juu. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, uliza safari hizo zimeidhinishwaje na KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, na masaa yako yataandikwaje. Uliza kwa maandishi. Kuna vijana wamefika dirisha la leseni na daftari nene wakidhani wamebakiza kidogo.

#6 Rada ya Embakasi

#5 umesema kweli ila hujamaliza. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu masaa kuhesabiwa yote kama ndege ina vifaa vya rubani wa pili na safari inaendeshwa kwa taratibu za marubani wawili. Uamuzi ni wa mamlaka ya nchi. Ndiyo maana watu wawili wa kampuni mbili tofauti watakupa majibu mawili, na wote wako sahihi.

#7 Kapteni wa Panga Mbili

Salamu kwenu. Mimi niko kwenye Dash 8, ndege ya abiria ya panga mbili, safari za ndani na za jirani. Nilianza kama Mwewe, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Hoja ya "wamekataa kulea" naielewa, lakini tazama upande wa pili. Kumfundisha rubani mmoja aina mpya ya ndege kunahitaji simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, na simuleta ya Dash 8-400 haiko Nairobi. Wengi wanapelekwa Addis Ababa. Kampuni inalipa simuleta, hoteli, nauli na mshahara wa wiki ambazo huyo mtu hajazalisha hata senti. Akirudi anaruka chini ya kapteni mwalimu hadi aachiliwe. Mwaka mmoja na nusu baadaye anapata barua kutoka Doha au Dubai. Ndiyo maana kuna bondi. Unasaini kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani utarudisha gharama. Vijana wanaichukia bondi, ila kuna wakubwa ambao wamechoka kulipia shule ya watu wengine na sasa wanachukua aliyekwisha kufundishwa.

Je, ni haki? Mimi sioni kama ni haki. Rubani haondoki kwa kupenda jangwa. Anaondoka kwa sababu ya mshahara, shule ya watoto na rosta inayojulikana mapema. Kampuni inayotoa rosta ya mwezi mzima na kuiheshimu inabaki na watu wake hata kama hailipi kama Ghuba. Inayokupigia simu saa nne usiku kwamba kesho umebadilishwa zamu itaendelea kufundisha milele.

Kuhusu maisha yenyewe: siku yangu ya asubuhi naamka saa tisa usiku. Miruko minne ni kawaida, Mombasa na kurudi, Kisumu na kurudi, wakati mwingine Eldoret inaongezwa. Kila mruko ni mfupi, kwa hiyo kazi nzito, yaani kupaa na kutua, inakujia mara nyingi kwa siku kuliko yule anayevuka bahari. Mwezi wa Aprili mawingu ya mvua yanasimama juu ya Kisumu kila alasiri na unayakwepa ukiwa umechoka. Faida yake ni kubwa pia: usiku nalala kwangu Syokimau. Watoto wangu wananijua. Wenzangu walio kwenye ndege kubwa wanawaona watoto wao kwa simu.

#8 Chui wa Kurasini

Wakuu, mimi ni jirani yenu wa Dar. Msidhani huku ni tofauti. Caravan za Serengeti na Zanzibar zina foleni ileile, tena kijana wa Kitanzania akiona Mkenya anakuja na masaa yake analalamika, na Mkenya naye analalamika kuhusu kibali cha kazi. Tuna CASSOA pale Entebbe ya kulinganisha kanuni za usalama wa anga Afrika Mashariki, lakini leseni ya nchi moja bado inapitia dirisha la nchi nyingine. Kama tungekuwa na soko moja la marubani, Mwewe angeweza kujaribu Mwanza au Kigali kesho asubuhi.

#9 Zebaki_254

@Kapteni wa Panga Mbili asante kwa maelezo, lakini umezunguka. Hizo nafasi za kupelekwa Addis zinatangazwa wapi? Sijaona tangazo hata moja. Hapo ndipo mjomba anapoingia.

#10 Kapteni wa Panga Mbili

Zangu zilitangazwa. Tulifanya mtihani wa maandishi, simuleta na mahojiano. Sisemi kila mahali ni hivyo, nasema nilikopitia mimi.

#11 Binti Kisauni

Hamjambo nyote. Mie narusha Caravan, safari za mbugani na pwani, na nataka Mama Wairimu asome hili vizuri.

Mama, kazi ya Wilson si ile ya kofia na begi la magurudumu. Alfajiri nakagua ndege mwenyewe, napima uzito, napakia mabegi mwenyewe. Abiria wa safari ameambiwa kilo 15 kwenye begi laini, anakuja na sanduku gumu la kilo 30, na ni wewe wa kumwambia haliingii, kwa tabasamu. Wilson iko juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Saa saba mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ile kilo 15 ya ziada si mzaha. Ukifika Mara unashuka Keekorok, unapanda, unashuka Ol Kiombo, unapanda, unashuka Musiara, yote kwa asubuhi moja. Kabla ya kutua unapita chini kwanza kuwafukuza punda milia waliolala kwenye changarawe. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa kule unashika magurudumu na kiwanja kinafungwa.

Na ndiyo, bado kuna abiria wanaoniuliza kapteni yuko wapi. Nawaambia ameketi mbele yenu. Koki Mutungi alipata kuwa kapteni wa Dreamliner, yaani Boeing 787, mwaka 2014, mwanamke wa kwanza Afrika kuiongoza ndege hiyo, na bado swali hilo linaulizwa. Binti yako alizoee mapema na asiliache limvunje moyo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Ili upate ATPL, leseni ya kapteni wa ndege kubwa, unahitaji masaa 1,500. Hilo kila mtu analijua. Lakini ndani yake lazima kuwe na masaa 100 ya usiku na 75 ya kuruka kwa vyombo. Viwanja vya mbugani havina taa. Sisi tunaruka jua likiwa juu, na kabla halijazama tuwe tumerudi. Kuna wenzangu wana masaa zaidi ya 2,000 na usiku wao haufiki 40. Wamekwama. Hawawezi kuomba kazi ya jeti kwa sababu ya giza tu! Kununua masaa ya usiku kwenye ndege ya kukodi ni pesa nyingi, na baada ya kazi ya siku nzima mwili unakataa.

#12 Mwewe wa Lang'ata

Dada Kisauni, hili la usiku sikuambiwa shuleni hata siku moja. Asante sana. Kwa hiyo hata nikipata kiti Wilson leo, naweza kukwama tena mbele?

#13 Binti Kisauni

Usipopanga, ndiyo. Tafuta mapema safari za mizigo za usiku au za kubeba wagonjwa. Ndizo zinazojaza safu hiyo ya daftari.

#14 Msafirishaji wa Eastleigh

Tukiwa kwenye mizigo, niwaambie ya Somalia, kwa sababu vijana wengi wa Wilson masaa yao wameyapata huko. Miraa haingoji. Imechumwa Meru usiku, asubuhi iko Wilson, na lazima ifike Mogadishu na miji mingine ikiwa mbichi. Fokker 50 na ndege nyingine za panga ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kisha Machi 2020 Somalia ikafunga mlango, biashara ikasimama hadi Julai 2022, na marubani walioishi kwa miraa wakabaki na leseni na kodi ya nyumba. Halafu watu wanasema soko lipo! Soko la urubani hapa linakatwa kwa barua moja ya serikali ya nchi nyingine.

Na hatari mnaijua. Mwaka 2021 ndege ya kwetu ilidunguliwa huko.

#15 Rada ya Embakasi

Turekebishe tarehe: ilikuwa Mei 4, 2020, karibu na Berdale. Embraer 120, ilikuwa imebeba vifaa vya kupambana na korona. Watu sita walikufa. Walikuwa kazini, tuwataje kwa usahihi.

#16 Mchukua Mkataba

Nimefanya kazi Sudan Kusini kwa mkataba, wiki sita kazini na wiki mbili nyumbani. Masaa yanakuja haraka kuliko mahali popote, na pesa ni dola. Lakini kampuni iliyonichukua, sitaitaja, ilichelewesha malipo hadi wenye nyumba wakaanza kumpigia simu mke wangu. Hatukuwa na chama cha kututetea. Ukiwa wa mkataba huna likizo ya ugonjwa, huna pensheni, na ukipata malaria Juba unajitibu. Wale wanaosema "nenda ukajenge masaa Sudan" wawaambie vijana pia wasome kipengele cha malipo, cha bima ya maisha na cha kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kama hakipo kimeandikwa, hakipo.

#17 Pasi ya Dirishani

Mnasema hakuna chama. Kipo, KALPA, chama cha marubani wa mashirika ya ndege Kenya. Si ndicho kilichogoma Novemba 2022 kudai nyongeza ya mshahara, abiria wakalala JKIA?

#18 Kapteni wa Panga Mbili

@Pasi ya Dirishani, madai makubwa hayakuwa nyongeza. Yalikuwa mchango wa kampuni kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni uliosimamishwa, na mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini na wakarudi ndani ya wiki hiyo. Unaweza kuwapinga, lakini uwapinge kwa walichodai.

Na zingatia: wengi wao ni marubani wa Kenya Airways. Mtu wa Caravan Wilson, anayelipwa msingi mdogo na posho ya kila saa ya kuruka, hana wa kumgomea. Mvua ya Aprili na Mei ikifunga kambi za watalii, masaa yake yanaporomoka, na posho nayo. Mwenye nyumba hajui msimu.

#19 Shabiki wa Anga

Nyie mnateseka bure. Marekani rubani wa ndege za mikoa anaanza na masaa 250 na analipwa vizuri. Sisi tumeweka masharti ya ajabu.

#20 Rada ya Embakasi

Ulichotaja ni Ulaya, si Marekani. Ulaya kijana wa masaa 200 na kitu anaweza kuingia kiti cha kulia cha Airbus akipitia mpango wa shirika. Marekani ni masaa 1,500, na wachache waliotoka jeshini au vyuo maalumu ndio wanaopunguziwa. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Colgan Air 3407 karibu na Buffalo, Februari 12, 2009. Dash 8-400, watu 50 walikufa, akiwemo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Bunge likapitisha sheria 2010, masharti yakaanza 2013.

Na hayo malipo mazuri ni ya juzi. Kabla ya hapo marubani wasaidizi wa ndege za mikoa walilipwa kidogo mno. Wa ile ndege ya Colgan alikuwa akiishi upande wa Seattle na kituo chake cha kazi ni Newark, nchi nzima katikati. Mishahara ilipanda kwa kishindo mwaka 2022, baada ya korona, mashirika makubwa yalipowavuta marubani wa mikoa kwa mamia na ndege ndogo zikaegeshwa.

#21 Fundi wa Hanga

Ndiyo maana nasema masaa ni muhimu. Hata Wamarekani wameona.

#22 Kiti cha Kulia

Fundi, marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa na zaidi ya masaa 2,000. Sheria ya 1,500 isingewazuia. Uchunguzi ulionyesha kapteni aliitikia vibaya onyo kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege, akavuta usukani badala ya kusukuma, na uchovu ukajadiliwa sana. Mimi naona hoja ya masaa inatumiwa kuficha hoja ya mafunzo. Nimekaa na mtu wa masaa 3,000 ambaye ni masaa yaleyale ya Wilson hadi Mara yaliyorudiwa.

#23 Fundi wa Hanga

Na mimi nimerekebisha ndege zilizoharibiwa na wa masaa 300 waliofunzwa vizuri. Upepo wa kiwanja cha milimani hausomwi kwenye simuleta.

#24 Mwalimu wa Anga

Jioni njema. Mwewe, hujataja njia ya ualimu. Wengi wetu tulipitia huko. Unaongeza idhini ya mwalimu, unafundisha kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja ya pistoni, na kila saa unayofundisha unaiandika kama kapteni. Ni masaa halali, hayagawanywi nusu kama ya #5.

Lakini ujue mazingira. Anga ya Wilson imejaa. Wanafunzi wanazunguka kwenye kiwanja kimoja na ndege za abiria zinazowahi Mara na Diani. Machi 5, 2024 Dash 8 iliyokuwa na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya eneo la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi wake hawakurudi. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema ualimu ni kazi ya kupitishia muda, damu inanichemka. Ni kazi ya urubani kamili, inalipwa chini kuliko zote, na inabeba wanaoanza kabisa.

#25 Pasi ya Dirishani

Samahani natoka nje ya mada. Wilson mwenyewe alikuwa nani? Nimepita pale miaka yote.

#26 Rada ya Embakasi

Florence Kerr Wilson. Alianzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929. Turudi kwenye mada.

#27 Chui wa Kurasini

Mwanamke! Na bado wanamuuliza Binti Kisauni kapteni yuko wapi.

#28 Mhasibu wa Upper Hill

Nitasema lisilopendwa. Mnajadili bima na wajomba, hakuna anayehesabu ndege. Shule za urubani zinatoa wahitimu kila mwaka na ndege za kibiashara za nchi hii hazizaliani hivyo. Reli ya SGR ilipoanza 2017, sehemu ya abiria wa Mombasa ilihamia chini. Korona ikaja: ndege za kimataifa za abiria zilisimama Machi 2020, za ndani zikarudi Julai, za nje Agosti, na kuna waliopunguzwa ambao hawakurudishwa. Hao wana masaa 1,000 na wanashindania kiti kilekile na Mwewe. Kampuni yenye chaguo itachukua nani? Shule zinapaswa kumwambia mzazi ukweli huu siku ya kulipa karo, si siku ya mahafali.

#29 Zebaki_254

Mhasibu, hata viti vikiwa kumi, kumi hivyo vinapewa nani? Mnarudi kwangu tu.

#30 Kapteni wa Panga Mbili

#28 ana hoja, ila soko limevunjika katikati. Waanzao ni wengi, makapteni wenye uzoefu ni wachache. Ndege ya Dash haiwezi kupaa na wasaidizi wawili. Kapteni mmoja akienda Ghuba, wasaidizi kadhaa wanapoteza masaa kwa sababu hakuna wa kuruka naye, na kupandishwa kwao kunachelewa. Kwa hiyo kuondoka kwa mkubwa hakumfungulii mdogo mlango. Kunaweza kuufunga.

#31 Mama Wairimu wa South C

Nimesoma yote mara mbili na kalamu mkononi. Niulize wazi: ningekuwa dada yenu, mngeniambia nilipe?

#32 Binti Kisauni

Mama, usilipe karo yoyote kabla ya uchunguzi wa daktari wa daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Macho, masikio, moyo, kila kitu. Kuna watu wamemaliza PPL, leseni ya urubani binafsi, ndipo wakaambiwa wana tatizo la kutofautisha rangi. Kisha mlipie PPL peke yake kwanza. Ni masaa 40 kwa uchache, na umri wa leseni hiyo ni 17. Akimaliza na bado anaamka alfajiri bila kuitwa, mtaendelea. Usilipe kozi nzima mkupuo mmoja, shule zimewahi kufungwa na pesa za watu ndani.

#33 Mchukua Mkataba

Mimi ningemwambia asome pia uhandisi wa ndege au taaluma nyingine ya kusimamia. Cheti cha daktari kinaweza kwenda na kazi ikaenda nacho siku hiyohiyo. Nina rafiki alipata kisukari akiwa na miaka 38. Hakuwa na bima ya kupoteza leseni. Sasa anaendesha duka Rongai, na ni mtu aliyetua kwenye kila kiwanja cha Turkana.

#34 Kiti cha Kulia

@Mchukua Mkataba hapana, ukimpa mtoto njia mbili atashika ile rahisi. Mimi ningemlipia aende moja kwa moja. Hakuna kazi isiyo na hatari ya ugonjwa.

#35 Mhasibu wa Upper Hill

Ushauri wa mtu ambaye si yeye anayelipa.

#36 Mwewe wa Lang'ata

Nawashukuru wote. Leo shule moja imenijibu: wananichukua kwenye kozi ya ualimu nikilipa nusu, nusu nikatwe kwenye malipo ya kufundisha. Inaniingiza kwenye deni jingine, na mzee bado analipa sacco. Swali langu kwa Fundi na Mwalimu: nikifika masaa 700 ya Cessna 172, yule wa bima ya Caravan ataniangalia?

#37 Fundi wa Hanga

Ya pistoni hayo. Ataangalia, halafu ataulizia ya tabaini palepale. Soma tena #3.

#38 Mwalimu wa Anga

Fundi usimtishe. Walimu watatu niliofanya nao kazi wako kwenye Caravan sasa, na wote waliingia kwa masaa ya 172, wakaanzia kulia. Mwewe, kabla ya kusaini waulize watakukata kiasi gani kwa kila saa, na itakuwaje wakikosa wanafunzi mwezi mzima.

#39 Zebaki_254

Hao watatu walikuwa na wajomba?

#40 Mwalimu wa Anga

Mmoja.